Sungura Waliokojoa Chakula Chao

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema kwa sababu kosa zima nitakalosimulia lilianzia hapo. Nilizaliwa na kukulia katika kambi ya polisi hapa Kampala, mtoto wa koplo aliyetoka kaskazini, na kambini tulikula posho, yaani ugali, na maharage siku ya Jumatatu, kisha Jumanne tunabadilisha, tunakula maharage na posho. Nyama ilikuwa ya sikukuu, na hata hiyo iligawanywa kwa vyeo, baba akianza na watoto tukimalizia mchuzi. Nilipokwenda kuandikishwa polisi mimi mwenyewe, aliyekuwa akipima urefu alinisimamisha ukutani mara tatu, kila mara akitumaini kitu kingine, mwisho akasema niingie tu kwa kuwa baba yangu anajulikana. Tangu siku ile nikajiwekea imani moja: ningepewa nyama utotoni, ningekuwa mtu mrefu. Kaka zangu wanne walikula posho ile ile na wote wanainama mlangoni. Hilo sikulipa nafasi kichwani mwangu.

Nilistaafu nikiwa sajini, na kama wastaafu wote wa Kampala nikageuka mfugaji. Nilianza na kware, wakafa. Nikapanda uyoga, ukakataa kuota. Nikategea senene, wale panzi wa kuliwa, kwa mabati na mapipa, nikavuna nondo. Mke wangu, Mganda, mwalimu wa shule ya msingi, aliyatazama yote hayo kwa uvumilivu wa mtu anayesahihisha madaftari. Kisha mwenye nyumba tuliyopanga huku Makindye akatuita, akatuambia anabomoa ili ajenge fleti, tuwe tumehama mwaka ukiisha. Hatukuwa na pa kwenda. Yaani tulikuwa na mahali pamoja tu: kwa mama mkwe wangu kijijini, mjane mwenye ekari mbili na nyumba ndogo ya pili iliyokaa bila mtu.

Mke wangu akaenda kumwomba. Jibu alilorudi nalo nimelihifadhi mpaka leo. "Wewe ni mwanangu, njoo saa yoyote. Lakini huyo polisi wako, nione kwanza kitu kimoja kimekua mikononi mwake." Mama huyo hakupenda watu wa sare, na Kiswahili alikiita lugha ya wanaobisha mlango kwa mguu, akaapa hakitapita mdomoni mwake. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka ishirini na miwili, na mimi na yeye hatujawahi kupeana sentensi moja nzima.

Tena si chuki peke yake. Kwa Waganda, mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, na mama hawezi kulala ndani ya nyumba ya mkwewe. Ukivunja mwiko huo, wanasema, utapata ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mimi si Mganda, na ugonjwa huo siuamini. Ila kila nilipokuwa karibu na mama huyo mikono ilitetemeka yenyewe.

Basi sungura ndio walikuwa mtihani wangu wa mwisho. Nilikuwa na majike wanne na dume mmoja, na majike walikuwa wamezaa vizuri. Vitoto ishirini na vinne, vyeupe vyote, vilikuwa vinakaribia kuacha kunyonya. Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaletwa mjini. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu, na ilibidi apasuliwe. Lakini sukari yake ya damu ilikuwa juu, na daktari akasema hatamgusa mpaka ishuke. Angesubiri. Angesubiria wapi? Kwa kuwa hawezi kulala nyumbani mwangu, mke wangu akamtengenezea chumba cha uani. Na uani kwetu ni padogo, kwa hiyo vibanda vya sungura vilikuwa vimeegemea ukuta wa chumba hicho hicho. Mtahini akahamia ndani ya mtihani.

Ili nisimkute uso kwa uso, kila nilipotoka nyuma ya nyumba nilikohoa. Yeye akisikia anavuta shuka lake kichwani na kugeukia ukutani. Nilikohoa asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama jirani, Mkongo anayeuza dagaa wakavu, akamwambia mke wangu anipeleke nikapimwe kifua.

Nilipiga hesabu zangu hivi. Mama atakaa wiki sita, labda nane. Atakapofunguliwa macho, kitu cha kwanza kuona kiwe sungura wakubwa ambao mji huu haujawahi kuwaona. Nikaenda dukani wanakochanganya chakula cha mifugo. Alikuwepo binti aliyesomea kazi hiyo, mpole, akaniuliza sungura wana umri gani, kisha akanieleza bila haraka.

"Mzee, hawa wanaotoka kunyonya wanataka protini ya kiasi. Sehemu kumi na sita, kumi na saba katika mia, inatosha. Kikubwa ni nyasi. Tumbo la sungura limeumbwa kusaga nyasi, likikosa nyasi linaharibika."

"Binti," nikamwambia, "hivi wewe umewahi kumwona mtu aliyenyimwa protini?"

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, safari fupi, akasema, "Ndiyo, mzee." Sikumwelewa hadi nilipofika nyumbani.

Sikuchukua mchanganyiko wake. Kama kumi na sita inakuza, nilijiambia, basi thelathini itakuza maradufu. Nilinunua soya iliyosagwa, gunia zima. Nikaenda kwa mama Mkongo nikachukua dagaa, nikawatwanga mwenyewe kwenye kinu cha mke wangu, nikachanganya na soya na pumba kidogo ya mahindi. Mama Mkongo alisimama uani kwangu, mkono kiunoni, akinitazama natwanga.

"Papa, sungura yako banakula samaki?"

"Wanakula protini, mama."

"Aa, pole yabo," akasema, akaenda zake.

Nyasi nikazipunguza hadi kiganja kimoja kwa kibanda. Nilizihesabu kuwa ni za kujaza tumbo tu, kama ile posho yetu. Na vibanda nikavitia kufuli, kwa sababu mtu akishakuwa polisi hawezi kuacha kitu wazi.

Kila Jumamosi nilifanya gwaride. Nilimtoa mmoja mmoja, nikamweka ndani ya mfuko, nikamtundika kwenye mizani ya ndoano, nikaandika uzito wake ubaoni kwa chaki. Jumamosi ya kwanza waliongezeka vizuri, nikapiga mluzi uani kwa sauti ili aliye chumbani asikie. Jumamosi ya pili waliongezeka kiasi kile kile ambacho sungura yeyote wa mtu yeyote angeongezeka. Nikaongeza dagaa. Jumamosi ya tatu mizani ilisimama pale pale, nikaigonga kwa kidole, kisha nikailaumu mizani.

Wakati huo uani kukaanza kunuka. Si harufu ya mavi, hiyo naijua, nimekulia kambini. Ilikuwa harufu kali inayopanda puani na kuchoma macho, inayotoka kwenye mkojo. Ukiinama kibandani machozi yanakutoka bila msiba. Nami nilikuwa nimeinama hapo dakika chache tu kwa siku. Mama mkwe, mtu mgonjwa wa macho, alikuwa analala kando yake. Alipopelekwa kliniki daktari alimuuliza mke wangu kwa nini macho ya mama yamekuwa mekundu hivi, kuna moshi nyumbani? Mke wangu akasema hakuna moshi. Aliporudi alinitazama muda mrefu. Nikamwambia ni vumbi la Makindye.

Mama mkwe hakunilalamikia mimi, kwa kuwa mimi na yeye hatusemi. Aliwalalamikia sungura. Kila asubuhi aliketi mkekani mlangoni pake, anageuza uso upande wa vibanda, anazungumza nao kwa Kiganda: nani kawapa chakula kinachonuka hivi, mbona hamtafuni nyasi, mbona siwasikii mkitafuna. Kiganda ninakisikia, nimeishi mji huu miaka yote. Nilijitia hamnazo. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshaandaliwa sanda.

Siku moja nikakuta chini ya vibanda vinyesi laini, vimeshikana kama vishada vidogo, vimetapakaa kila mahali. Nikashtuka, nikadhani ni kuhara. Nilisimama pale nikijisemea kwa Kiswahili kwamba wanaharisha vitu laini, mikono kichwani, na sikukumbuka kukohoa. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe, na alikuwa haongei Kiganda.

"Wewe sungula," akasema, taratibu, na neno moja moja alilitoa kama anayechomoa mwiba. "Hiyo kitu laini, wewe nakulaga tena. Hiyo ndiyo chakula yako ya pili. Sasa mbona nawacha chini? Kwa sababu umeshiba samaki. Wewe iko paka?"

Sikugeuka. Nadhani nisingeweza kugeuka hata kwa amri ya kamishna.

"Hiyo chakula yote nakupatia," akaendelea kumwambia sungura, "mwili nachukua kidogo tu, ile natosha. Ingine yote nakojoa. Ndiyo hii nanuka. Mtu anashinda kutwanga, wewe nashinda kukojoa."

Alikuwa amenieleza kila kitu, bure, katika lugha aliyoiapia kwamba haitapita mdomoni mwake, ili nisipate pa kujificha. Mtu mwenye akili angekwenda siku ile ile kukata nyasi. Mimi niliona aibu, na aibu yangu huwa inatokea kwa umbo la hasira. Nilijiambia, mwanamke asiyeona atanifundishaje sungura wangu? Nikaendelea na dagaa siku nne zaidi. Siku nne hizo, kama ningeweza kuzifuta maishani mwangu, ningezifuta kabla ya nyingine zote.

Siku ya tano walianza kufa. Wawili asubuhi, matumbo yamevimba, makalio yamelowa. Kesho yake watatu. Nilikimbilia dukani kwa yule binti, safari hii sikuwa na maswali ya kumuuliza. Akaniambia niondoe chakula chote, niwape nyasi kavu na maji safi, watakaopona watapona. Nikaenda kukata nyasi kwenye mteremko chini ya kambi, mwenyewe, na panga, wenzangu wa zamani wakipita na kuniuliza kama nimehamishiwa kikosi cha farasi. Niliosha vibanda, nikamwaga majivu chini, harufu ikapungua. Mpaka kufa kulipokoma, walikuwa wamekwenda kumi na mmoja. Niliwazika nyuma ya migomba kila asubuhi kabla mama hajatoka nje, na ardhi pale ikawa laini kama tuta la viazi.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoisimulia kwa shida. Nilimwambia mke wangu asimwambie mama.

"Akiuliza, mwambie wanaendelea vizuri."

"Anaishi ukuta mmoja nao, baba," akasema. Ananiita baba tangu tulipopata mtoto wa kwanza.

"Haoni. Sungura hawalii. Atajuaje?"

Mama akauliza kweli, na mke wangu akajibu kama nilivyomwagiza. Jioni akaja akasimama mbele yangu na kijiko cha mchuzi mkononi. "Umenifanya nimdanganye mama yangu, naye kipofu," akasema.  Alirudi jikoni, na wali wa siku ile niliula bila kujua una chumvi au hauna.

Sukari ya mama ikashuka, siku ya upasuaji ikapangwa. Nikaona kumi na watatu si ishirini na wanne hata kwa mtu mwenye jicho moja. Nikapanda boda hadi Ntinda, kwa mfugaji mmoja mwenye sungura weupe kama wangu, wa umri ule ule. Nikachagua kumi na mmoja. Nilirudi nao kwenye kikapu juu ya boda, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kama mtu aliyetatua kesi. Miaka thelathini nilikuwa nimekamata watu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Wakampasua jicho moja kwanza. Kesho yake wakalifungua, akarudishwa nyumbani kwa teksi, amevaa miwani myeusi. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mabati yanayotenga bafu na uani, mahali ambapo naona kwa tundu la msumari. Nilitegemea atatembea hadi vibandani, atahesabu, atashangaa, atampa binti yake jibu. Yeye akaketi mkekani. Akavua miwani, akatazama juu, akatazama kanga ya mwanawe, akatabasamu. Kisha akafumba macho.

"Mwanga unanichosha," akamwambia mke wangu kwa Kiganda. "Niletee hao sungura mmoja mmoja. Na unipe yale mabeseni mawili."

Mke wangu akaleta wa kwanza. Mama akampakata, akapitisha vidole vyake kutoka shingoni, juu ya uti wa mgongo, hadi nyongani. Akamtia beseni la kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu alimshika muda mrefu zaidi, akambonyeza mgongo kwa kidole gumba, akamtia beseni la kulia. Macho yamefumbwa muda wote. Nilianza kufuata kutoka tunduni. Wangu nilikuwa nawajua kwa masikio na madoa ya kucha. Kila wangu alikwenda kushoto na kila wa Ntinda alikwenda kulia, na hakukosea hata mmoja.

"Hawa wa kulia," akasema alipomaliza, "mgongo wao umejaa. Wamelelewa. Hawa wa kushoto mgongo ni mifupa mitupu, wamelishwa tu. Mwanangu, hawa wa kulia ni wa nani?"

Mke wangu alifungua kinywa. Nilimwona anatafuta uongo wa pili, nami ndiye niliyempa wa kwanza, na nikahisi vibaya kuliko siku yoyote niliyosimamishwa mbele ya mkubwa wangu. Mama akainua mkono kumnyamazisha. Akavaa miwani yake, akageuza uso upande wa mabati, moja kwa moja kwenye tundu langu, akasema kwa Kiswahili, safari hii si kwa sungura.

"Yangapi ilikufa?"

Nikatoka. Nilitazama chini kama inavyotakiwa, niliona miguu yake tu na ukingo wa mkeka. Mikono niliificha mgongoni. Hakuna mtu wa kunisemea, na nyumba ya kuhamia ilikuwa imesimama hapo katikati yetu. Nilijua nikitaja idadi nimeifunga kwa ufunguo. Nilifikiria kusema watano. Nawaambia kweli, watano lilishafika kwenye ulimi.

"Kumi na mmoja, mama."

"Kumi na moja."

"Kumi na mmoja. Niliwaua mimi. Niliwapa dagaa na soya, nikawanyima nyasi, ulipowaambia sikusikia. Nimewazika kwenye migomba. Hawa wengine nimewanunua Ntinda ili nikudanganye. Mwanao hana kosa, nilimwamuru."

 Mmoja wa sungura wa kulia aliruka kutoka beseni, hakuna aliyemfuata.

"Miaka ya vita," mama akasema, "watu ya unifomu ilikuja kwangu. Ilikula mbuzi, ilikula kuku, ilitoa mabati juu ya nyumba. Mzee wangu, baba ya huyu mtoto, pia ilienda na yeye. Mimi niliuliza, niliuliza mpaka nilichoka. Hakuna moja ilisimama mbele yangu kuniambia hesabu."

 Miaka ile mimi nilikuwa mtoto wa kambi anayekula posho, na baba yangu alikuwa akiondoka na kurudi, na nyumbani hatukuulizwa wala hatukuuliza alikokuwa.

"Mvua ikianza, kuja na mwanangu," akasema. "Yeye atapima chakula. Wewe, kata nyasi."

Nikasema ndiyo, mama. Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya mabeseni mawili, na mke wangu akajifanya anamtafuta yule sungura aliyeruka.